Siku Tatu Bila Maji

Siku yangu ya kwanza katika ukumbi wa kutunisha misuli wa mtaa wa Kasenga sikugusa chuma. Nilikuwa mpakiaji mizigo bandarini, kifua kipana kama mlango, na nilikuja nikijua nitawatia wote aibu. Kocha akaniamuru nivue shati, nisimame mbele ya kioo, nikaze misuli yote na nisitikisike. Baada ya dakika chache miguu ilicheza yenyewe.

"Weye iko na nguvu," akasema, "lakini haujuwe kusimama."

Hiyo ndiyo kazi yetu, vijana. Kunyanyua ni matayarisho. Jukwaani unahukumiwa kwa kusimama. Vyuma vyetu vilikuwa ekseli ya lori na makopo yaliyojazwa saruji, chakula chetu maharage na ndagala, dagaa wa ziwa letu. Kwa vitu hivyo nilikuwa bingwa wa jimbo mara tatu, na sioni haya kulisema.

Lakini tulikuwa na jambo tuliloliita kukausha. Siku tatu kabla ya mashindano hunywi maji wala huonji chumvi, ili ngozi inywee na misuli ijichore. Mimi mtu wa Uvira, ziwa liko mlangoni, nilikuwa nikisukutua mdomo na kutema. Safari ya tatu, Prezida wa klabu akaniletea na vidonge vya kukojosha.

"Meza tu, champion. Bukavu yote inakungojea."

Nikameza, nikashinda. Nilishuka na kombe mkononi, nikaanguka. Nilipozinduka, daktari alikuwa akimwambia mke wangu kwamba figo zangu zimeumia vibaya. Niliogopa kufa, sifichi. Kwa miezi mingi mke wangu ndiye aliyenivisha shati.

Figo zilipona nusu, na sikupanda tena jukwaani. Leo suruali zangu za zamani zinatosha watu wawili kama mimi, ila nafundisha vijana katika mtaa wa Songo na sauti yangu haijapungua. Kwangu hakuna kukausha. Kabla ya kupanda jukwaani, kila mmoja anakunywa kikombe cha maji mbele ya macho yangu. Kwa sababu hiyo hatujatoa bingwa. Inaniuma, maana napenda kushinda kuliko ninavyopenda kula.

Juzi mwanafunzi wangu mmoja, fundi wa kuchomelea mwenye mgongo mzuri kuliko wangu wa enzi zile, alitoka wa nne. Alinijia machozi yakimlengalenga.

"Papa, weye njo ulininyima kombe."

"Njo miye," nikakubali. "Kunywa mayi, twende ku nyumba."