Kaka wa Nirkala

Sisi wa Sisnepani tunaishi upande wa kivuli. Jua likitufikia, wenzetu wa Gahate, ng'ambo ya korongo, wamekwisha kunywa chai na kuanika mahindi, na maringo yao hatuyawezi. Ukipaza sauti, inavuka mara moja. Miguu ndiyo yenye taabu: ushuke mpaka mtoni, uvuke daraja, upande tena, na siku imekwisha.

Nirkala alizaliwa Gahate akaolewa kwetu. Ana sauti huyo! Akimwita mama yake kutoka uani, mbuzi wetu huacha kula. Habari za Gahate tulizipata zote, tupende tusipende: nani kajifungua, nani kaunguza wali.

Sikukuu ya Tij, mwanamke aliyeolewa hurudi kula kwao, lakini lazima kaka yake aje amchukue. Nirkala ana kaka mmoja tu, Khimlal. Asubuhi ile alikuwa amekwisha kuvaa sari yake nyekundu, mara sauti ya mama yake ikavuka: "Khimlal kateguka mguu! Haji!"

Nirkala akaketi kizingitini akalia. Majirani tukamtazama mama mkwe wake, Tulasa, mjane mshika mila, asiyecheka ovyo.

"Mama, niende peke yangu tu?"

"Kama mbuzi aliyekata kamba? Mila inataka kaka."

Akaingia ndani. Alipotoka, alikuwa amepiga kilemba cha marehemu mumewe, kapu la zawadi mgongoni.

"Haya, kaka nimekuja. Inuka, dada, jua halitungoji."

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Nami nikafuatana nao, umbea utaniua.

Jioni tukafika. Khimlal, mguu umefungwa vitambaa, akapiga kelele: "Lo! Nimepata mrithi!"

"Tena mwenye miguu mizima," akajibu Tulasa, akaenda kuketi na wanaume.

Mama yake Nirkala akamshika mkono. "Dada, kaka zako wako wapi?"

"Walikufa zamani." Tulasa akavua kilemba polepole. "Tangu hapo hakuna aliyekuja kunichukua."

"Basi mwakani Khimlal atakuja kuchukua wawili. Ondoka hapo, kaa na mabinti zangu."

Akakaa. Alikula wali wa maziwa bakuli kwa bakuli, huku machozi yakimtiririka, wala hakuyafuta. Kisha Tulasa, ambaye hatukuwahi kumsikia akipaza sauti, akasimama ukingoni mwa ua akaiita Sisnepani:

"Jamani! Msinisubiri! Niko kwetu!"