Mikono Nyuma

Jirani yetu anasomea uzamili wa utafiti katika historia ya sanaa, na tangu aanze hutembea mikono nyuma, kama wanafunzi wanavyozoeshwa kule makumbushoni ili wasiguse picha. Hata sokoni husimama hivyo hivyo mbele ya nyanya, anainama, anarudi hatua, anafumba jicho moja, mpaka muuzaji anamuuliza kama ametumwa na manispaa. Tasnifu yake nzima inahusu picha moja ya kale, ya mama aliyempakata mtoto, na ukimpa nafasi atakusimulia mikono ya yule mama hadi chai ipoe.

Juzi dada yake alikuja na kichanga, nasi tukaenda kumwona. Jirani akamtazama kwa mbali, mikono nyuma.

"Mpokee mwanao, si picha huyo," mama yao akasema.

Akampakata vilevile kama yule wa pichani. Shingo ya mtoto ikalegea, mama yao akawahi kuitegemeza. Jirani akapeleka kiganja chake chini ya kile kichwa.

"Kumbe yule mchoraji hakuwahi kushika mtoto," akasema taratibu.

Dada mtu akanyoosha mikono amchukue.

"Niache kwanza," akasema, akimgeuzia mgongo. "Niko kwenye utafiti."