Kikundi cha Pilato

Mgongo wangu uligoma asubuhi moja nikiwa nimeinama kufunga kamba za viatu, tayari kwenda kufundisha. Uligoma kiofisi: haukupiga kelele, haukuondoka mahali pake, ila hakuna kazi iliyofanyika. Nilibaki nimeinama vilevile mpaka mume wangu alipokuja, akanishika mabegani, akanilaza kitandani kwa ubavu.

Hospitalini nilipokewa na mtaalamu wa viungo, kijana mpole mwenye vidole vigumu. Aliniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia nafundisha Kiswahili sekondari, na Jumamosi nalima maharage. Akanibonyeza kiunoni, akanibonyeza tumboni, kisha akasema misuli ya tumbo langu ilishalala zamani, mgongo ndio unaofanya kazi ya wote wawili.

"Kuna dada amefungua darasa la pilatesi pale mtaa wa Chanji," alisema. "Nenda huko, mama. Dawa nitakupa, lakini dawa haitakuinua."

Nilipomweleza mume wangu, aliweka kikombe chini.

"Pilato? Yule aliyenawa mikono?"

"Pilatesi. Ni mazoezi."

"Mimi huyo namjua kanisani. Sikumbuki kama aliwahi kumsaidia mtu."

Nikaenda hivyohivyo. Darasa lilikuwa ghala la mahindi la zamani. Mwenye ghala alikuwa amelipaka rangi nyeupe hadi pale mkono wake ulipofika, kutoka hapo kwenda juu akawaachia buibui. Ukutani kulikuwa na kioo kikubwa, na sakafuni mikeka myembamba ya plastiki, ya zambarau. Binti mwenye darasa alikuwa mzaliwa wa Kirando, kule ziwani. Aliondoka huko kwenda Dar es Salaam kusomea mambo ya hoteli, akarudi na cheti cha kunyoosha watu. Mama yake alibaki ziwani anakausha dagaa, na kila lori lililopanda mjini lilimletea binti magunia ya kuuza. Magunia hayo yalikaa chumba cha nyuma. Kwa hiyo binti aliposema, kwa ile sauti yake ya kubembeleza mtoto, "Vuteni pumzi taratibu kwa pua," sisi tulivuta dagaa.

Ulikuwa mwezi wa saba, na upepo wa Sumbawanga mwezi huo hauna adabu kwa mtu aliyelala chini. Tulikuwa akina mama peke yetu, wengi tumevaa suruali za mazoezi tukazifunika kwa vitenge, masweta juu, na mmoja wetu alikuwa na kofia ya sufu ya mwanawe.

"Mama zangu, tuvue masweta, mwili upumue," binti alisema.

"Utapumua mwezi wa kumi," ilijibu sauti kutoka mkeka wa mbele.

Sauti ile ilikuwa ya Mama Mwenyekiti. Mume wake alikuwa na malori ya mahindi, na yeye alikuwa mwenyekiti wa chama cha kuzikana, wa kamati ya wazazi shuleni, na wa akina mama wa kwaya. Wanawake wakisimama kwenye bomba kusubiri maji, yeye akapita, maji yakianza kutoka wanakuta tayari wana mwenyekiti. Siku ile alikuja kujifunza kama sisi, lakini alilala chali mbele kabisa, karibu na kioo, akijitazama na kutikisa kichwa kana kwamba anampa kioo ruhusa ya kuendelea.

Kosa la binti lilikuwa Kiingereza cha Dar. Alituamuru tukaze kitu alichokiita koo. "Kazeni koo, mama zangu, kila kitu kinaanzia kwenye koo." Tukakaza. Ghala zima likajaa sauti za watu wanaomeza mate kwa nguvu, mishipa ya shingo imesimama, na mama mwenye kofia akaanza kukohoa mpaka akaketi. Binti akasimama katikati yetu, haelewi.

"Mbona mnakaza shingo?"

"Wewe umesema koo," nikamwambia.

Akaona aibu, akacheka, akajipiga kofi tumboni. "Hapa. 'Core', yaani tumbo la ndani. Jamani, nisameheni."

Pamoja na hayo yote, mazoezi yalifanya kazi. Sikupenda kukiri, kwa sababu nilishamsema sana yule binti kwa walimu wenzangu. Lakini baada ya majuma machache niliinama kuokota chaki darasani, nikainuka bila kushika meza. Wanafunzi hawakuona ajabu yoyote. Mimi nilibaki nimesimama mbele yao na ile chaki, nimesahau tulikuwa tunasoma nini.

Taabu ilianzia kwenye jumuiya. Mtu mmoja, ambaye hakuwahi kutajwa, alisema kwenye mkutano wa majirani kwamba kuna wanawake Chanji wanalala ghalani mlango umefungwa, wanapumua pamoja kwa jina la Pilato. Maneno yalizunguka mji kwa kasi ya upepo wetu. Kipindi kilichofuata, Mama Mwenyekiti hakulala. Alisimama juu ya mkeka wake na viatu.

"Tunachafuliwa," alisema, "kwa sababu hatuna uongozi. Kitu kisicho na uongozi watu wanakidhania uchawi."

"Mama, tungefungua tu mlango," binti alisema.

"Mlango siyo muundo, mwanangu."

Uchaguzi ulifanyika palepale. Mwenyekiti alipita bila kupingwa, na hakuna aliyeuliza kama kulikuwa na mgombea mwingine. Mimi nikapewa nidhamu, kwa kuwa mwalimu anafahamika kwa fimbo. Binti, ambaye wengi wetu tungeweza kumzaa, akafanywa mlezi wa kikundi. Mlezi kwetu ni mtu mzima anayeketishwa meza kuu, apigiwe makofi, asisikilizwe. Alipewa makofi.

Tangu siku hiyo kipindi kilifunguliwa kwa sala, ikafuata ajenda, yakafuata yatokanayo, ikafuata chai. Viti vya plastiki vililetwa, maana huwezi kujadili katiba ukiwa umelala chali. Zikaja chupa za chai, yakaja maandazi, na mama mwenye kofia akagundulika kuwa na mkono mzuri wa chapati. Mazoezi yakawekwa kwenye mengineyo. Mara nyingi mengineyo yalifika watu wameshafunga vikapu, na binti alikuwa amesimama kando ya kioo, mikono nyuma, kama mgeni aliyekosea harusi.

Halafu ikaja sare. Kitenge kilikuwa kizuri, cha bluu na njano, lakini Mama Mwenyekiti alichagua mshono mwembamba unaobana hadi magotini. Siku tuliyoivaa kwa mara ya kwanza, binti alijipa moyo akaomba dakika chache kabla ya chai.

"Tulale ubavu, tuinue mguu wa juu."

Tulilala. Hakuna mguu ulioinuka. Tulipangana kwenye ile mikeka kama samaki wa migebuka sokoni, tunang'aa, tunatazama upande mmoja. Mtu mmoja alijaribu kwa nguvu, tukasikia uzi unakatika kuanzia juu hadi chini, naye akajifunga sweta kiunoni na kusema zoezi lile halifai kwa mtu wa heshima.

Safari ya Kasanga ndiyo iliyommaliza binti. Mama Mwenyekiti aliiita ziara ya mafunzo, akatoa gari la mume wake. Binti alifurahi kweli. Aliniambia njiani, tukiwa tunateremka kuelekea ziwani na masikio yanaziba, kwamba tutafanya mazoezi ufukweni, hewa safi, miguu mchangani. Alikuwa amebeba mikeka yote.

Haikufunguliwa. Tulikula samaki hadi tukaegemea migongo ya viti. Kisha Mama Mwenyekiti akaomba kiti chake kihamishiwe karibu na bandari, ambako vijana walikuwa wanapakia saruji kwenye boti la kwenda Kongo, mfuko begani, ubao unanepa, wanarudi kuchukua mwingine. Aliketi kivulini, akafungua kifungo cha juu cha sare, akawahutubia juu ya umuhimu wa mazoezi.

"Vijana wengi siku hizi miili imelala," aliwaambia. "Tengeni muda. Hata kidogo tu kila siku."

Mpakizi mmoja alisimama na mfuko wake begani, akamsikiliza mpaka mwisho wa sentensi. Ndivyo alivyolelewa, nadhani.

"Sawa, mama," alisema. "Tukimaliza boti hili tutaanza."

Mama Mwenyekiti akageuka kwetu. "Mnaona? Elimu inaingia." Tukapiga makofi. Na mimi nilipiga. Binti alikuwa amekaa juu ya furushi la mikeka, anatazama maji.

Kipindi kilichofuata tulikuta mikeka imetandikwa na viti havipo. Chumba cha dagaa kilikuwa na kufuli. Binti alikuwa amevaa mavazi yake ya kazi, amesimama wima, na kwa mara ya kwanza sikuisikia ile sauti ya kubembeleza.

"Viti viko wapi?" Mama Mwenyekiti aliuliza.

"Vimepumzika, mama."

"Tuna kikao."

"Kikao kinafaa ukumbini. Hapa ni kulala chini. Anayetaka kulala, karibu sana. Anayetaka kikao, nitamsaidia kubeba chupa ya chai."

Alisema kwa heshima, na magoti ameyakunja kidogo kama anayeamkia. Hiyo ndiyo iliyouma zaidi. Mama Mwenyekiti akanigeukia. "Mwalimu, wewe ndiye nidhamu. Mwambie afungue."

Watu wote walinitazama. Ningependa kuandika kwamba nilisema neno la kukumbukwa. Lakini kiuno kilikuwa kinaniuma tangu Kasanga, kwa sababu ya gari na kwa sababu kwa muda mrefu nilikuwa nimefanya mazoezi ya kunywa chai. Nikavua viatu, nikatafuta mkeka ulio mbali na mlango, nikalala. Nikafumba macho ili nisione nani ananitazama. Nilisikia sketi za kubana zikitoka kwa hatua fupifupi, na Mama Mwenyekiti akisema kwa sauti ya mkutano kwamba mlezi amevuliwa ulezi. Nilipofumbua macho tulibaki wachache: mimi, mama mwenye duka la vifaa vya shule, na mama mwenye kofia, ambaye aliacha chapati zake zitoke nje na yeye akabaki.

"Haya," binti alisema. "Magoti juu."

Kikundi kilihamia ukumbi wa nyumba ya wageni jirani, na jina kikaenda nalo. Hadi leo kinaitwa kikundi cha mazoezi. Kwenye harusi kinaingia kwa mstari, bluu na njano, mshereheshaji anakitangaza, nacho kinaketi. Juzi nilikaa meza ya jirani na Mama Mwenyekiti. Alinieleza kwamba wanapanga kufungua tawi wilaya ya Nkasi. Alipotaka kuinuka kwenda kutunza maharusi, alishika meza kwanza, akanipa mkono wa pili, nami nikamvuta taratibu.

"Mgongo," alisema, kana kwamba anamtaja mjumbe mtoro. "Na huyo binti bado yupo?"

"Yupo, mama. Anakuulizia mara kwa mara."

"Mwambie milango ya kikundi iko wazi, akiomba radhi kwa utaratibu."

Binti nusura afunge darasa kikundi kilipohama. Kwa msimu mzima dagaa ndio waliolipa pango, na sisi wachache tuliwanunua kuliko tulivyoweza kuwala. Kisha yule kijana wa hospitali akaanza kumpelekea madereva wa malori, watu wanaokaa kwenye usukani mpaka mgongo unachukua umbo la kiti. Wanakuja na suruali za jinzi na soksi zenye matundu. Hawana ajenda. Wiki hii mmoja alilala usingizi katikati ya zoezi, mdomo wazi, na binti akatuonyesha kidole tunyamaze. Akamfunika kwa sweta lake mwenyewe, akatusogeza sisi upande wa pili wa ghala, akaendelea kutufundisha kwa kunong'ona.