Tikiti ya Mama Mkwe

Jumamosi iliyopita, katika kiwanja cha kuegesha magari na baisikeli mbele ya soko la Tororo, nilimkuta askari wa baraza la mji amejificha nyuma ya lori.

"Ile mama ni mama ya bibi yangu," alininong'oneza, akimwonyesha kwa kidevu mwanamke aliyekuwa akiegesha baisikeli yenye gunia la karanga. "Mimi siwezi kumkaribia. Na inspekta nakuja. Akikuta baisikeli bila tikiti ya kuegesha, nafukuzwa."

Kwa desturi ya huku, mwanamume hamsogelei mama mkwe wake, wala hawasemezani. Basi nikaupeleka ujumbe mimi. Yule mama hakugeuza uso.

"Ambia yeye mimi nalipa," alisema. "Akifukuzwa, binti yangu atakula nini, heshima?"

Aliweka senti juu ya kiti cha baisikeli, akajitwika gunia, akaingia sokoni. Hapo ndipo askari alipotoka, akachukua ada, akachomeka tikiti kwenye kengele. Kisha akaikokota baisikeli hadi kivulini, akakipangusa kiti kwa kofia yake ya kazi, akarudi mafichoni.

Baraza limetuahidi kwamba ada hizo zitakitengeneza kiwanja. Waliotunga sheria hawakuwafikiria wakwe. Wakwe wenyewe ndio walioifikiria sheria.

Mama aliporudi, aliitazama tikiti, akakigusa kiti kilichokuwa baridi, kisha akaliambia lile lori:

"Baraza hii iko na adabu."