Kahawa ya Wageni Niliyoipangia Bei

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, kwa saa ya ukutani iliyokuwa ikichelewa dakika nne, nilianza biashara. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Mama alikwenda msibani, akaniachia duka letu dogo pale Muleba, karibu na mabasi yanaposimama.

Wa rika langu mnakumbuka maduka yale: harufu ya mafuta ya taa na sabuni ya mche, sukari iliyofungwa kwenye gazeti, na juu ya kaunta kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. Kila aliyeingia alichota punje mbili tatu, akaulizwa habari za nyumbani, ndipo akasema alichofuata. "Mwulize kwanza wameamkaje," Mama alikuwa akiniambia. "Sukari haitakimbia."

Mimi, bingwa wa hesabu darasa la tano, niliona kasoro. Kila kitu dukani kilikuwa na bei isipokuwa kahawa. Nilikata boksi la sabuni, nikaandika kwa mwandiko safi: KAHAWA, PUNJE TANO SH. 10. Nikapiga mstari kwa rula.

Mteja wa kwanza alikuwa abiria wa basi la Biharamulo. Alilipa, akawahi kupanda. Wa pili, jirani yetu Ma Koku, alilipa akinitazama kama mtoto mwenye homa. Nikajiona tajiri mtarajiwa.

Kisha akaingia mzee Rwegasira, ambaye kwa heshima ya baba tulimwita Ta. Msimu wa kuchuma kahawa, chumvi na sukari ya vibarua wake wote vilitoka kwetu. Faida yake ndiyo iliyokuwa ada ya dada yangu sekondari. Akachota punje bila kutazama kibao.

"Ta, hizo ni tano. Shilingi kumi," nikasema. Hata kumwamkia sikumwamkia.

Alitazama kiganja chake, kisha kibao, kisha mimi. Akazirudisha punje kikapuni moja moja. "Nilidhani nimefika kwa watu," akasema, akavuka barabara kuingia duka la pili.

Mama aliporudi saa sita alisoma kibao changu mara mbili. Nikamweleza yote. Hakunichapa, laiti angenichapa. Alifunga duka mchana kweupe, akanikabidhi kikapu, tukatembea hadi kwa Ta Rwegasira, tukamkuta ukingoni mwa migomba yake. Nilipiga magoti, kikapu mikononi. Njiani nilikuwa nimepanga hotuba yenye vipengele vitatu. Ikaniishia katikati ya cha kwanza.

Mzee aliinama kukitazama kikapu.

"Leo ni bei gani, mwanangu?"

"Bure, Ta."

"Basi imeshuka." Akachukua punje moja, akaitafuna. "Mama yake, kesho nitatuma mtu wa chumvi."

Dada yangu alimaliza shule. Nami, hadi nilipohama, kila nilipokutana na mzee huyo aliniuliza mbele za watu, "Kahawa imepanda?"

Leo nina duka la daftari na kalamu mjini, mtaa wa Bilele. Vijana wa siku hizi wanauza kwa simu. Ukiwauliza bei wanakujibu "njoo inboksi", na mteja hata sura hawaijui. Ningewacheka zaidi kama nisingekuwa bado napiga mistari chini ya kila kibao kwa rula. Kikapu cha kahawa nimekiweka kaunta. Juzi binti wa chuo aliuliza, "Anko, hii shilingi ngapi?" Nikavuta pumzi nimsimulie yote haya. Simu yake ikaita, akatoka. Zamani mtu aliingia kununua chumvi akatoka na habari za ukoo mzima. Sasa anatoka na risiti.

Jioni ya siku ile ya kibao, Mama aliniamuru nirudishe mauzo ya kahawa. Ma Koku alipokea yake, akacheka hadi akakaa chini. Abiria wa Biharamulo sikumwona tena. Sarafu yake nimehama nayo, iko kwenye droo ya kaunta, ikimsubiri. Nimeiangalia leo asubuhi: shilingi kumi.