Celica yangu iliyofugwa Balangdalalu, na Swift Sport iliyonipeleka kuifuata

Wakuu wa jukwaa la magari, salaam zenu.

Kila wiki naona mtu anauliza humu: nina bajeti ya kawaida, napenda kuendesha, nichukue coupe, ile ya chini ya milango miwili, au hot hatch, kigari kifupi chenye injini kali? Halafu wanajibu watu ambao usukani wa gari la michezo wameuona kwenye picha.

Mimi nimemiliki zote mbili, kwa jasho langu, bila mjomba serikalini. Ninayosema yamenipata mwenyewe. Anayebisha aje gereji kwangu Mbulu mjini, nimpe funguo ajionee.

Kwa kifupi, nimezaliwa Tlawi, mtoto wa wakulima wa ngano na maharage. Nina diploma ya ufundi magari, na nilipoipata ukoo mzima haukuwa na mtu mwenye cheti cha aina hiyo. Nimefanya kazi Dar miaka mingi, nimefungua injini ambazo wengine wanaogopa hata kuzifungulia boneti. Sasa nimerudi nyumbani, nina gereji yangu na mafundi wanne chini yangu.

Lakini mapenzi ya magari hayakuanzia Dar. Yalianzia kwenye dawati la nyuma, sekondari ya bweni.

Niliketi dawati moja na kijana wa Kibarbaig kutoka Balangdalalu, anaitwa Gidamis. Mimi nilikuwa nachora magari kwenye kurasa za mwisho za daftari. Ya milango miwili, ya chini, yenye pua ndefu. Yeye alikuwa anachora ng'ombe, kila mmoja na rangi yake na pembe zake, na wote walikuwa na majina.

Siku moja aliniangalia nikipaka wino tairi.

"Hilo lako linakula nini?"

"Petroli."

"Linatoa maziwa?"

"Halitoi."

"Linazaa?"

"Gari litazaaje, wewe?"

"Basi una hasara, ndugu yangu."

Tulicheka mpaka tukatolewa nje, tukafyeka nyasi mchana kutwa. Nikisikia harufu ya nyasi mbichi mpaka leo, namuona Gidamis na fyekeo lake.

Tuje kwenye gari.

Gari langu la kwanza lilikuwa Celica. Rangi ya fedha, injini ya 1.8, manual, gia sita. Ukipita RPM elfu sita sauti inabadilika, unahisi kama kuna injini ya pili ilikuwa imelala imeamshwa. Unakaa chini, miguu umenyoosha, boneti inashuka mbele yako. Kwenye kona haliyumbi, linafuata macho yako.

(Najua kuna mtu atasema Celica mlango wake wa nyuma unafunguka kama wa hatch, kwa hiyo si coupe halisi. Mkuu, tulia. Tutakutana kwenye comment.)

Desemba ya mwaka nilipolinunua nikatoka nalo Dar, nikapanda nyumbani likizo. Pale Dareda, ukiacha lami uanze kupandisha ule ukuta wa Bonde la Ufa kwenda Dongobesh, nilienda mwendo wa mtu aliyebeba mayai. Tlawi watu walitoka mashambani kulitazama. Mama yangu alilizunguka mara mbili, akashika kiuno.

"Mwanangu, gari zuri. Ila mimi sitaingia kwa kuinama kama naingia banda la kuku."

Hakuingia. Nikaona nimpelekee Gidamis akaone mchoro wangu umekuwa kitu.

Kutoka Katesh ukiacha lami kuelekea Balangdalalu, barabara wakati wa jua inavumilika. Nilifika salama. Gidamis alilizunguka, akapapasa taa, kisha akasema, "Kumbe ulikuwa huchori uongo."

Usiku ule mvua ikanyesha. Asubuhi nina haraka, likizo imeisha. Gidamis akaniambia nisubiri siku mbili ardhi ikauke. Mimi fundi mwenye diploma, nani wa kunifundisha? Nikatoka. Sikufika mbali. Nikateleza kwenye tope, nikapandia jiwe, sampo, lile bakuli la oil chini ya injini, ikapasuka. Oil yote ikabaki barabarani. Kosa langu, gari halina lawama.

Maksai wanne wa baba yake Gidamis ndio walilivuta mpaka bomani, majirani wakitazama.

Mzee akasema, "Liache. Huyu atakuangalizia."

Hapa wakuu mnielewe vizuri, maana uzi wote umesimama hapa.

Kwetu, mtu mwenye ng'ombe hawaweki wote zizi moja. Anampa rafiki mmoja wao amfugie. Maziwa anakunywa anayefuga. Ndama ni wa mwenye ng'ombe, naye mwisho humpa mfugaji chake. Haiandikwi popote, inasemwa mbele ya watu. Na ukimkabidhi mtu mnyama namna hiyo, mmeshakuwa zaidi ya marafiki.

Mimi nikitaka kuwachekesha, nikasimama mbele ya wale majirani, nikaweka mkono juu ya boneti, nikasema kwa sauti: "Nampa Gidamis huyu wangu wa fedha, anifugie."

Watu wakaangua kicheko. Mzee hakucheka.

"Umesema mbele ya watu," akasema, akaenda zake.

Wakati wa kuagana nikamwachia Gidamis spana, nikamwonyesha jinsi ya kuweka matone ya oil kwenye matundu ya plagi na kuzungusha injini kwa mkono. "Kila mwezi ukiandama, izungushe kidogo isigande." Nilisema kama mtu anavyosema lolote akiwa na basi la kuwahi.

Sampo nilinunua mwezi uliofuata. Ikakaa chini ya kitanda changu Dar miaka sita.

Mwanzoni tulikuwa tunapigiana simu. Halafu sikukuu hadi sikukuu. Halafu nikabadilisha namba. Nisiwadanganye, ndivyo ilivyokuwa.

Niliporudi moja kwa moja kufungua gereji, nikanunua Swift Sport. Hot hatch, nyeupe, 1.6, manual, gia tano. Na hapa nitasema ukweli ambao watu wa coupe hawaupendi.

Barabara ya mlima, yenye kona fupi na changarawe, Swift inaipa Celica taabu. Ni nyepesi, fupi, inageuka kama mbuzi. Unaendesha kwa kasi ndogo lakini unafurahi kama mtu anayekimbia. Viazi gunia mbili nimetoa Tumati, nimelaza viti vya nyuma, zimeingia. Mama anapanda bila kuinama. Mafuta inanusa tu. Nayo si gari la juu, usije ukadanganyika, lakini pale Celica inapolaza tumbo, Swift inapita ukiwa na akili.

Kwa hiyo nikajiambia, Celica ya nini tena? Nikaweka picha zake za zamani mtandaoni. Jamaa mmoja wa Arusha, mkusanyaji wa magari ya michezo, akanitafuta siku hiyohiyo.

Nikakodi winchi, gari la kuvuta magari, pale Katesh, nikampakia mteja, tukaenda Balangdalalu. Sikutuma salamu kwanza. Sikumpigia mtu. Nilikuwa na kadi ya gari mfukoni.

Tulifika Gidamis akiwa kwenye zizi anamkagua ng'ombe kwato. Mzee amekaa nje. Nikamwamkia Mzee shikamoo kupitia dirishani, dereva akiwa tayari anarudisha gari nyuma kutafuta pa kuegesha winchi.

Gidamis akaja, akatazama lile gari la kuvuta, akatazama mteja, mimi akanitazama mwisho.

"Umekuja kuchukua au kukamata?"

Nikacheka. Nikadhani ni utani wa dawati la nyuma.

"Liko nyuma ya zizi," akasema. "Chukua." Akageuka akarudi kwa ng'ombe wake. Mkono hakunipa.

Mzee ndiye aliyeongea.

"Kijana. Kwetu mnyama anayeondolewa hivi, ni wa mfugaji aliyeiba au mfugaji aliyekufa. Gidamis ni yupi?"

Nikaingiza mkono mfukoni, nikaishika ile kadi ya gari.

Mteja akaninong'oneza, "Gari lako, kadi yako, tatizo liko wapi? Tupakie twende." Nikamwambia dereva ageuze, tunaondoka bila Celica. Njia nzima mteja alilalamika, na pale Katesh akanipa mpaka Jumapili, baada ya hapo anatafuta jingine.

Nikamhadithia mama. Alikuwa anachagua maharage, hakuinua kichwa.

"Ulimsalimia baba yake?"

"Nilimsalimia."

"Ukiwa umekaa kwake?"

"Nilikuwa kwenye gari."

"Basi hukusalimia." Akatupa jiwe dogo lililokuwa kwenye maharage. "Miaka sita mtu anakutunzia mali, unamwendea na winchi mbele ya majirani walewale. Hata mimi ningekuonea aibu. Na nimeshaanza."

Jumamosi asubuhi nikatoka peke yangu na Swift. Nyuma nimeweka asali ya Mzee, oil, betri mpya, na ile sampo.

Barabara ya Balangdalalu niliipita taratibu, nikichagua kila jiwe. Swift haikugusa chini hata mara moja. Wapenzi wa hot hatch, hiyo point chukueni.

Nilisimamisha gari mbali na boma, nikatembea. Nikakaa pale Mzee aliponionyesha. Nikamwamkia, nikaulizwa habari za mama, za mashamba, za mvua ya Mbulu, nikajibu moja moja. Asali ikapokelewa. Celica haikutajwa na mtu. Nilikaa mpaka jua likahama, Gidamis akapita mara tatu bila kunitazama.

Mara ya nne akasimama.

"Leo winchi umeiacha wapi?"

"Nimekuja kusalimia."

"Na hicho cheupe?"

"Hicho kimenileta tu."

Akatikisa kichwa. "Kidogo kama mbuzi. Njoo."

Nyuma ya zizi kulikuwa na banda la miti, limeezekwa vizuri kuliko gereji yangu ya kwanza. Celica ilikuwa juu ya mawe manne yaliyochongwa, tairi hazigusi chini. Viti vimefunikwa ngozi ya ng'ombe. Kwenye nguzo ya banda kulikuwa na mikato ya kisu, mmoja mmoja, imepangwa kutoka chini kwenda juu.

"Hiyo ni nini?"

"Miezi," akasema. "Si ulisema kila mwezi ukiandama?"

Nikashika spana, nikazungusha injini. Ikazunguka laini kama jana ndiyo imeegeshwa.

Wakuu, nimesimamia magari ya mabosi Dar yanayolipiwa mtu wa kuyatunza. Hakuna lililotunzwa hivi.

Sikumaliza kushangaa. Gidamis akaniita zizini, akanionyesha mtamba mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji.

"Huyu wako."

"Wangu kivipi?"

"Gari limezaa."

Nikadhani ananitania. Hakuwa anatania. Akanieleza kwamba betri ya Celica aliiona inakaa bure, akauza mbuzi wake akanunua sola, akaunganisha. Watu wa pale wakawa wanakuja kuchaji simu. Betri ilipokufa, kazi yake yenyewe ikanunua nyingine.

"Ya kila siku nilitumia nyumbani kwangu. Hayo ni maziwa, nimekunywa mimi, ni haki yangu. Ilipozidi nikanunua huyu. Huyu ni ndama wake, si wangu."

Halafu akaniangalia kwa ile sura ya dawati la nyuma.

"Ulisema halitoi maziwa na halizai. Ulisoma diploma gani wewe?"

Nilicheka, kisha macho yakanisumbua, nikasingizia vumbi la zizi. Nikamwomba radhi mbele ya baba yake. Mzee akasema, "Sasa umefika."

Sampo nilifunga mchana ule, nimelala juu ya ngozi, Gidamis ananipa spana. Alikuwa anajua kila namba. Oil ikaingia, betri mpya ikaingia, petroli tulinyonya kutoka kwenye Swift. Tukaishusha kwenye mawe. Ikawaka mara ya tatu, ng'ombe wakaruka.

Tukaitoa mpaka Katesh kwa mwendo wa kusindikiza msiba. Tulipokanyaga lami kuelekea Endasak, Mlima Hanang uko kushoto kwetu, barabara nyeupe mbele, nikaweka gia ya tatu nikakanyaga. Elfu nne. Elfu tano. Ikapita sita, ile sauti ya pili ikaamka.

Gidamis alikuwa ameshika mlango kwa mikono yote miwili.

"Ndiyo hii uliyokuwa unaichora?"

"Ndiyo hii."

"Rudia."

Nikarudia.

Jumapili mteja alipiga. Nikamwambia haiuzwi. Akanitukana kistaarabu, nami nikayapokea matusi yake kistaarabu.

Sasa jibu lenu. Kama una nafasi ya gari moja na unaishi huku kwetu, nunua hot hatch, usijiulize mara mbili. Inabeba, inapita, inachekesha, na mama anapanda. Coupe ni gari la moyo. Inataka lami, subira, na mtu wa kukutunzia siku ukikwama. Usipokuwa na mtu huyo, usiinunue. Na ukiwa naye, usimfuate na winchi.

Mimi nilikaa miaka sita nikijisifu kuwa sina deni la fadhila kwa mtu. Kumbe kila mwezi ukiandama kuna mtu alikuwa anakata nguzo kwa ajili yangu.

Celica iko gereji, inatoka Jumapili tu. Swift ilibaki bomani siku mbili nilipopeleka Celica nyumbani, na nilimwambia Gidamis wazi mbele ya baba yake: hii imeegeshwa, haifugwi.

Mtamba sikumchukua. Nilisimama mbele ya majirani walewale, nikaweka mkono mgongoni kwake, nikasema maneno yaleyale ya mwaka ule. Safari hii hakuna aliyecheka, na mimi nilijua ninachosema.

Haya, uwanja wenu. Wa coupe na wa hot hatch, njooni na hoja, matusi muache getini. Na kama umewahi kuacha kitu chako kwa mtu ukakikuta kizuri kuliko ulivyokiacha, nisimulie, nitasoma zote.

Wa kuuliza bei ya Celica msijisumbue. Gidamis amepiga juzi: yule mtamba ana mimba.