Mstari Mmoja wa Bawabu

Mjomba wangu alikuwa na kanuni moja ambayo sikuwahi kukubaliana nayo: hakusoma kitabu ambacho hakijachanika. Kwa miaka thelathini na moja alishona vitabu katika chumba cha nyuma cha maktaba ya chuo, chenye dirisha moja, meza iliyoganda gundi, na sindano alizozichomeka kwenye kipande cha sabuni. Wenzake walimwita Daktari. Alichokishona ndicho alichokisoma, basi.

"Kilichochanika kimependwa," aliniambia. "Hicho kinachong'aa rafuni, nani kakigusa?"

Hivyo ndivyo alivyosoma vitabu sita vya riwaya ya Lango la Mawe, kwa mpangilio wa kuchanika kwao: cha tatu kwanza, kisha cha sita, kisha cha kwanza. Aliyempenda humo ni bawabu kipofu anayewatambua wafalme kwa mlio wa viatu. Katika vyote sita, hapakuwa na neno juu ya namna alivyopofuka.

Ndipo kikatoka cha saba, kinachosimulia yaliyotangulia hayo yote. Kurasa mia tisa, ukoo juu ya ukoo, ramani ya kukunjua, wafalme watano wenye jina moja. Wanafunzi walikianza, wakakirudisha kabla ya ukurasa wa hamsini. Miezi minane kilikaa rafuni kiking'aa.

Wakati huo daktari wa macho alikuwa amemwambia Mjomba kwamba presha ya macho imekula sana. Kilichopotea hakirudi, na kilichobaki hakitamaliza mwaka.

"Kiazime leo," nikamwambia. "Habari za bawabu zimo humo!"

"Hakijaletwa kwangu."

"Mjomba, macho yanakwisha na wewe unangoja foleni?"

"Usinihutubie, Mheshimiwa. Hapa si bungeni."

Aliniita Mheshimiwa tangu nilipoongoza mgomo wa wanafunzi. Nilimpenda, lakini unyenyekevu ule uliniudhi. Mtu ametibu vitabu vya watu wote, halafu anaona haya kujiazimia kimoja! Basi nikakiazima mimi, nikachukua wembe, nikakata mgongo wake, nikakirudisha kaunta huku nikilaani kazi mbovu za viwanda vya siku hizi.

Kesho yake kilikuwa mezani pake. Alikipapasa kwa dole gumba.

"Huyu hakuchanwa na wasomaji," akasema. "Kidonda kimenyooka mno. Ni wembe." Akageuza shingo anitazame kwa upande uliokuwa bado unaona. "Umemjeruhi mtu ili daktari apate mgonjwa?"

Nikaanza kupanga sindano zake kwenye sabuni. Mimi, wa mgomo.

Alikishona siku tatu. Zamani ingekuwa kazi ya saa mbili, lakini sasa uzi ulikuwa haulioni tundu la sindano, na alikataa nimtungie. "Angalau kovu liwe langu."

Kisha akasoma dirishani kwa lenzi, kurasa kumi kwa siku, akiandika majina ya wafalme kwenye karatasi kwa herufi zilizozidi kunenepa. Ukurasa wa mia nne na kumi na mbili, macho yakakoma. Akastaafishwa. Nikawa nakiazima tena na tena, nikimsomea sebuleni kwake kila baada ya chakula cha mchana.

"Mfalme gani huyo?"

"Wa nne."

"Yule mwoga?"

"Mwoga alikuwa wa tatu, Mjomba."

"Wote waoga tu. Endelea."

Ukurasa wa mia nane na sita nikamkuta bawabu. Macho yangu yaliuona mstari kabla ya mdomo: "Mwaka huohuo macho ya bawabu yaliingia giza, na mfalme akaagiza lango lipakwe rangi upya." Basi. Aya iliyofuata ilikuwa ya harusi ya binti mfalme.

Nilitaka kukitupa ukutani. Kurasa mia tisa za wafalme, mstari mmoja wa mtu aliyewafungulia mlango! Ningeweza kutunga hapohapo: vita, upanga, hata mapenzi. Asingejua. Lakini mkono wake ulikuwa umelala juu ya mgongo wa kitabu, pale pale wembe wangu ulipopita.

Nikausoma kama ulivyo.

"Ndiyo hivyo tu?"

"Ndiyo hivyo tu, Mjomba."

Aligeuza uso dirishani.

"Hilo lango," akauliza, "walilipaka rangi gani?"

Nikatafuta ukurasa mzima, nikafunua na uliofuata.

"Hawakusema."